Nyumba za kupangisha Tanga: maneno ya barazani na hesabu zake

Kaa kwenye baraza yoyote ya Ngamiani baada ya laasiri, kahawa ikizunguka, na mazungumzo yatafika kwenye nyumba tu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Bandari imeongezewa kina. Basi kila mwenye kiinua mgongo anatafuta kiwanja Kange au Pongwe, ajenge, apangishe, kisha ajenge tena. Sina ugomvi na hilo, mimi mwenyewe nakula kodi. Ugomvi wangu ni na maneno yanayorudiwa mpaka yamegeuka kama sheria.

"Kopa benki, wapangaji watalipa mkopo."

Hili ndilo limewaliza wengi. Tuseme umekopa milioni 50 kwa riba ya asilimia 16, miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni kama 734,000. Umejenga vijumba vinne vya chumba, sebule na choo ndani, kila kimoja 150,000. Vikijaa vyote unapata 600,000. Umeshapungukiwa 134,000 kabla bati halijavuja. Tena mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia milioni 8, na kodi ya mwaka mzima ni milioni 7.2. Yaani wapangaji wote wanne, wakilipa bila kukosa hata siku moja, hawatoshi kuilipa riba. Deni lenyewe halijaguswa. Na asilimia 16 sikuichagua ili nitishe watu, maana riba za mikopo ya nyumba hapa nchini zimekuwa zikicheza kati ya 13 na 19.

Barazani watakujibu: ongeza vijumba viwili. Haya, na saruji yake utaitoa wapi? Kinachogeuza hesabu hii ni fedha yako mwenyewe uliyotangulia kuiweka. Ukikopa milioni 20 tu kwa masharti yale yale, rejesho linashuka hadi kama 294,000, na ile 600,000 inalibeba. Lakini usiihesabu kwa miezi 12. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, na mpangaji naye ni mja. Mimi hupiga miezi 10. Kwa mpigo huo wastani wako ni 500,000 kwa mwezi, inabaki 206,000, na humo humo kuna rangi, kitasa, shimo la choo na dalali.

Wapo pia wanaochukua mkopo wa mshahara kujengea. Makato yanaanza mara moja, ilhali kodi inaanza siku mtu anapoingia na godoro lake. Katikati ya siku hizo mbili ndipo maboma mengi yamesimama kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, yameota majani.

Wa pili wanasema ukinunua kiwanja, karatasi ya serikali ya mtaa inatosha. Inatosha kuonyesha kwamba mmeuziana, mwenyekiti na majirani wakishuhudia. Hati miliki ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa, usiozidi miaka 99. Ukitaka nyumba ya kwanza ikusaidie kujenga ya pili, hapo ndipo utaujua uzito wa hati, maana bila hati ni vigumu kuweka rehani benki. Na ikiwa nyumba hiyo ndiyo mnayoishi na familia, mwenzio wa ndoa lazima aridhie. Nimeona wanaume wanalichukulia hili kama usumbufu wa makaratasi. Mimi naona ni sheria nzuri.

"Serikali nimeshamalizana nayo kwenye Luku."

Kile kinachokatwa kwenye Luku, yaani unaponunua umeme, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni kodi ya jengo. Kodi ya zuio kwenye pango iko pale pale, asilimia 10. Ukipangisha kampuni utashangaa wamekuletea 90 badala ya 100. Hawajakuibia, kumi imekwenda TRA, mamlaka ya mapato, waombe stakabadhi yake. Na kwa kuwa tumefika hapo: kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme anailipa kwa niaba yako, basi mrudishie.

Kwamba nyumba ya kisasa ndiyo inayolipa, sitabishana sana. Nitasema tu kuwa marehemu mama alikuwa na nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba sita, uani kisima na choo cha pamoja. Chumba kimoja kikikaa tupu, vitano vinalipa. Bangaloo ya Raskazone ikikaa tupu, imekaa tupu yote.

La mwisho ni la mafundi: "Mchanga ni mchanga." Huku pwani mchanga wa ufukweni ni wa karibu na ni wa bei ya chini, ila una chumvi, na chumvi inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, na zege linapasuka kutokea ndani. Fundi mmoja aliniapia kwamba ameuosha. Mwaka wa nne lenta ya dirisha la mbele ilipasuka kwa urefu wake, kipande kikaangukia baiskeli ya mpangaji. Nilimlipa baiskeli, nikabomoa, nikamwaga zege upya kwa mchanga wa mtoni. Fundi yeye alikuwa ameshahamia Makorora.