Je, wajua kwa nini mshitakiwa anaweza kukaa Isanga hadi siku 42?

Dodoma, jina la Mirembe limezoeleka hata kwenye utani: ukifanya kituko, utaambiwa upelekwe huko. Kinachojulikana kidogo ni kwamba chini ya hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili ipo taasisi iitwayo Isanga, inayopokea watu wanaoletwa kwa amri ya mahakama. Wengi wanakabiliwa na kesi nzito, yakiwemo mauaji, na mahakama inataka kujua hali ya akili zao.

Siku 42 zimo kwenye sheria. Kifungu cha 220 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa namba za toleo la 2022, kinaitaka hospitali ipeleke ripoti ya maandishi ndani ya muda huo tangu mshitakiwa alipozuiliwa. Ripoti ijibu kama, kwa maoni ya daktari, mtu huyu alikuwa na ugonjwa wa akili wakati wa tendo kiasi cha kutowajibika nalo. Neno zito hapo ni “wakati wa tendo”. Swali jingine, kama leo anaweza kufuatilia kesi na kujitetea, lina utaratibu wake katika kifungu cha 216. Mtu anaweza kuwa mgonjwa leo na alikuwa mzima siku ile, au kinyume chake.

Kuwa na ugonjwa peke yake hakutoshi. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataka ugonjwa uwe umemfanya mtu asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au asiweze kujizuia. Mizizi ya kipimo hiki iko London, katika kesi ya mwaka 1843 ya Daniel M'Naghten, mshitakiwa wa mauaji aliyeonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Kwa hiyo ripoti inayoishia “ana skizofrenia”, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, haijajibu kitu. Lazima ionyeshe uzi unaounganisha ugonjwa na tendo: sauti zilimwambia nini, alimwona marehemu kuwa nani, aliamini nini asubuhi ile.

Kabla ya swali la kwanza, daktari humweleza mshitakiwa kwamba mazungumzo haya si siri ya mgonjwa na daktari wake, na kwamba atakayoyasema yanaweza kufika mahakamani. Kisha husoma jalada: maelezo ya mashahidi, maelezo aliyoyatoa polisi, ripoti ya uchunguzi wa maiti. Hupima mwonekano, usemi, hisia, mtiririko wa mawazo, kumbukumbu na jinsi anavyouelewa ugonjwa wake. Vipimo vya mwili havirukwi, kwa sababu malaria kali, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, sukari iliyoshuka na kifafa vyote vinaweza kuvuruga akili. Mkojo hupimwa dawa za kulevya, ingawa kipimo cha leo hakisemi alikunywa au kuvuta nini miezi mingi iliyopita. Ulevi wa kujitakia, kwa kawaida, si utetezi.

Ndugu ni chanzo kisicho na mbadala. Mama au kaka ndiye anayejua kwamba wiki mbili kabla ya tukio kijana alikuwa halali, anaongea peke yake, anakataa chakula akidai kina sumu. Lakini familia ikiwa Manyoni au ndani kabisa ya Kondoa, nauli peke yake inaweza kuwazuia kufika, na ripoti ikaandikwa bila sauti yao. Hilo linaumiza, kwa sababu maelezo hayo hayapatikani popote pengine.

Je, akiigiza? Ndiyo maana analazwa, hapimwi saa moja na kurudishwa rumande. Kuigiza ukichaa mbele ya daktari ni rahisi. Kuigiza usiku na mchana, wakati wa kula, kuoga na kulala, mbele ya wauguzi wa zamu, ni kazi inayochosha. Mwigizaji mara nyingi huorodhesha dalili nyingi mno, na huzizidisha anapojua anatazamwa. Tahadhari inahitajika upande wa pili pia. Aliyeficha panga na kukimbia huonekana alijua kosa lake, lakini mgonjwa naye anaweza kukimbia, akiwakimbia maadui waliomo kichwani mwake tu.

Kinachoharibu kazi zaidi ni muda. Mtu aliyekaa rumande miaka kadhaa akipewa dawa anaweza kufika Isanga ametulia kabisa, na daktari akalazimika kujenga upya hali ya akili yake wakati wa tendo la zamani kwa karatasi na kumbukumbu za watu.

Hakimu au jaji hafungwi na ripoti. Anaweza kuikataa akitoa sababu. Sheria humhesabu kila mtu kuwa na akili timamu hadi kinyume chake kithibitishwe, na mzigo huo uko kwa mshitakiwa, ingawa anatakiwa kuonyesha tu kwamba uwezekano wa ugonjwa ni mkubwa kuliko wa uzima. Akifaulu, mahakama hutamka kwamba alitenda lakini hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hata hivyo haendi nyumbani siku hiyo. Hubaki chini ya ulinzi.