Je, wajua? Kwa nini watoto walioasiliwa China walipigwa picha kwenye kochi moja jekundu

Ukiiona picha hiyo kwa mara ya kwanza utadhani ni watoto wa mama mmoja. Wamepangwa kwenye kochi jekundu, kumi au zaidi, wamevalishwa nguo za hariri zenye vifungo vya kamba. Nusu wanalia. Mmoja ameshalalia ubavu, na pembeni unachomoza mkono wa mtu mzima unaomzuia mwingine asidondoke. Kochi hilo lilikuwa ukumbini mwa hoteli ya White Swan, kwenye kisiwa cha Shamian, mjini Guangzhou, kusini mwa China. Kwa miaka mingi, familia za Kimarekani zilizokwenda China kuasili mtoto ziliishia hapo, na katika albamu zao picha ya kochi imezungukwa na picha za hekalu, za sanamu ya mbuzi watano na za boti ya usiku kwenye Mto Zhujiang.

Kwa nini wote Guangzhou? Na kwa nini watu waliofuata mtoto wanaonekana kama watalii?

Jibu nilikuwa nalo zamani, na lilikuwa la ovyo. Nililipata kwa mjomba wangu, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye kwake Guangzhou ni kama Morogoro. Siku moja alirudi akatusimulia kwamba alipita Shamian akakuta kila Mzungu anasukuma kigari chenye mtoto wa Kichina. "Sisi tunafuata mzigo, wenzetu wanafuata watoto," alisema, na sebule nzima ikacheka. Nikajijengea hadithi kamili: Guangzhou kuna vituo vikubwa vya yatima, wageni wanafika, wanachagua, wanalipa, wanazurura kidogo mjini, wanarudi kwao. Nimeisimulia hadithi hiyo kwa watu zaidi ya mmoja, kwa sauti ya mtu anayejua.

Tuanze na "Guangzhou". Watoto wale walitoka sehemu nyingi za China: Hunan, Jiangxi, Hubei, Anhui, Guangxi na kwingineko. Ni kweli kwamba jimbo la Guangdong, ambalo Guangzhou ni makao yake makuu, nalo lilitoa wengi, kwa hiyo sikukosea kwa asilimia mia. Lakini kuwaona Shamian na kudhani ni wa pale ni sawa na kukaa stendi ya Magufuli ukaamini kuwa kila anayeshuka kwenye basi ni mzaliwa wa Mbezi.

"Wanachagua" nayo haikuwa hivyo. Faili la familia lilipelekwa Beijing, na kituo cha taifa kinachoshughulikia uasili ndicho kilichoioanisha familia na mtoto. Wazazi walitumiwa picha na kurasa chache za afya, wakaulizwa: mnakubali? Baadaye, watoto wenye mahitaji maalumu walipokuwa wengi zaidi, kulikuwa na orodha ambazo mashirika ya uasili yaliweza kuzitazama, lakini hata hapo hakuna aliyefika kituoni akaonyesha kidole.

"Yatima" ni neno la kutumia kwa uangalifu. Wengi wao walikuwa watoto walioachwa, si waliofiwa. Sheria ya China ilikataza kumtupa mtoto, kwa hiyo aliyemwacha hakujitaja, na faili mara nyingi lilisema tu mtoto aliokotwa mahali fulani, tarehe fulani. Karatasi ya namna hiyo ni rahisi kuiandika hata kama si kweli. Mwaka 2005 huko Hengyang, jimboni Hunan, iligundulika kwamba wafanyabiashara wa magendo walikuwa wakiviuzia vituo watoto wachanga, na baadhi ya waliohusika walifungwa. Na "wanalipa"? Kulikuwa na mchango kwa kituo, kwa muda mrefu dola 3,000, ambao kisheria ulikuwa mchango na si bei. Baada ya Hengyang, tofauti hiyo si kila mtu anayeiona kwa utulivu.

Usuli kwa ufupi: sheria ya uasili ya China ilianza kutumika Aprili 1992, wakati sera ya mtoto mmoja ikiwa imeshika kasi na watoto wa kike ndio wakiachwa zaidi. Kilele kwa Marekani kilikuwa 2005, karibu watoto 7,900 kwa mwaka mmoja. Kuanzia 1999 waliokwenda Marekani wamepita 82,000. Septemba 2024 serikali ya China ilitangaza kwamba imefunga mlango huo, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na watoto wa kambo.

Sasa tuje kwenye "wanazurura", maana hapo ndipo nilipopotea kabisa. Matembezi yale yalikuwa kivuli cha makaratasi.

Fikiria ndoa ya watu wa mikoa miwili. Upande wa bibi harusi mambo yamekwisha: mashahidi wameweka saini, cheti kimetoka, hakuna wa kuipinga. Lakini kwao bwana harusi nako wana taratibu zao, na hawamruhusu bibi harusi kuvuka kizingiti mpaka wao wenyewe waridhike. Ndoa ni halali. Ruhusa ya kuingia ndiyo inayosubiriwa.

Upande wa bibi harusi hapa ni China, na mambo yake yalifanyika katika mji mkuu wa jimbo alikotoka mtoto. Kwa ratiba iliyozoeleka, Jumatatu mtoto analetwa, mara nyingi ofisini, wakati mwingine hadi ukumbi wa hoteli, akiwa amevaa nguo tatu au nne moja juu ya nyingine. Wazazi wanaondoka naye kwa saa 24 za kuzoeana. Jumanne wanarudi kuthibitisha, uasili unasajiliwa, mthibitishaji wa serikali anaandaa vyeti. Kwa sheria ya China, mtoto ni wao tangu siku hiyo. Kisha inaombwa pasipoti ya mtoto, ya Kichina, na pasipoti haina haraka. Ilikuwa desturi kuipata karibu na mwisho wa wiki.

Kwa hiyo Jumatano na Alhamisi hakuna kazi yoyote. Familia imefungiwa Changsha au Nanchang, chumba kimoja, na mtoto wa miezi kumi ambaye hajawahi kuona ndevu, anayelia kwa lugha ambayo wazazi hawaijui. Mwongozaji, ambaye ameshaona mengi, anagonga mlango saa tatu asubuhi: leo tunakwenda bustanini. Safari ya kwanza ya utalii huzaliwa hivyo.

Upande wa bwana harusi ni Marekani. Mtoto ana wazazi Wamarekani, lakini yeye bado ni Mchina, na Mchina haingii Marekani bila viza. Viza ya matembezi haimfai, kwa kuwa anakwenda kuishi. Anahitaji ya uhamiaji. Na hapa ndipo penye siri ya kochi: katika China bara, Marekani hutoa viza za uhamiaji mahali pamoja tu, kwenye ubalozi wake mdogo wa Guangzhou. Ubalozi mkuu uko Beijing, na Shanghai nako kuna ubalozi mdogo, lakini kwa viza hiyo utaelekezwa kusini. Hata mtoto aliyelelewa jirani na Ukuta Mkuu ilibidi ashushwe karibu kilomita 1,900. Familia za nchi nyingine zilikuwa na ofisi zao kwingine, na nyingi za Ulaya zilimalizia Beijing. Mhispania akionyeshwa picha ya kochi huenda asijue unazungumzia nini.

Kwa nini Marekani iliichagua Guangzhou? Maelezo ya kawaida ni kwamba wahamiaji wa Kichina waliokwenda Marekani tangu karne ya 19 walitoka zaidi jimbo la Guangdong, hasa wilaya ya Taishan, na ndugu zao ndio waliojaza foleni baada ya ubalozi mdogo kufunguliwa upya mwaka 1979. Yanaingia akilini. Uhusiano wenyewe ni wa kale: konsuli wa kwanza wa Marekani mjini humo, Samuel Shaw, aliteuliwa mwaka 1786. Ila ofisi hupangwa pia kwa sababu za nafasi na bajeti, kwa hiyo nayachukua kama sehemu ya jibu.

Ubalozi huo mdogo kwa miaka mingi ulikuwa pale pale Shamian, jirani na White Swan, na zahanati iliyopima watoto ilikuwa umbali wa kutembea. Baadaye shughuli za viza zilihamia upande mwingine wa mji, na mwaka 2013 ubalozi mdogo ukafungua jengo jipya Zhujiang New Town, lakini mazoea yalikuwa yameshaota mizizi. Wazungu wa mjomba hawakuwa wamefuata kitu kisiwani. Walikuwa kwenye foleni.

Foleni hiyo nayo ilikuwa na mapengo yake. Chukua kipimo cha kifua kikuu, ambacho kuanzia 2009 watoto wa miaka 2 na kuendelea walitakiwa kupimwa. Kipimo cha ngozi husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Hakuna anayeweza kuuharakisha mkono wa mtoto uvimbe au usivimbe. Zinabaki siku mbili, joto la Guangzhou, na basi dogo limeegeshwa nje ya hoteli.

Basi hilo lilikuwa na njia yake iliyozoeleka. Hekalu la Mibaniani Sita, lililoanzishwa mwaka 537, ambako watawa waliwasomea watoto dua huku wazazi, wengi wao Wakristo, wakipiga magoti kwa adabu. Bustani ya Yuexiu, kwenye sanamu ya mbuzi watano wa hekaya, walioleta mashuke ya mpunga mjini. Kisha Jumba la Ukoo wa Chen.

Hapo pa mwisho nakaa kidogo. Jumba hilo lilikamilika mwaka 1894, limejengwa kwa michango ya watu wa jina la Chen kutoka wilaya 72 za Guangdong, ili wapate pa kuwaenzi mababu na vijana wao wapate pa kulala wakija mjini kwa mitihani ya kifalme. Paa lake limejaa wanyama na watu wa udongo wa rangi, matofali yamechongwa kama lesi. Kila kitu mle kinasema: sisi tunajua tulikotoka. Na ndani yake anasukumwa mtoto ambaye jina la ukoo alipewa na kituo, mara nyingi jina moja kwa watoto wote walioingia mwaka huo, au jina lililotokana na mji wenyewe. Sidhani kama kuna mwongozaji aliyepanga kejeli hiyo. Jumba lilikuwa zuri, lina kivuli, na lina duka la zawadi.

Jioni wanarudi Shamian, na hapo mjomba angejisikia nyumbani. Wenye maduka waliwaazimisha wazazi vigari vya watoto bure, wakijua kwamba mtu aliyeazima kigari leo kesho atakirudisha, na akija kukirudisha hatatoka mikono mitupu. Waliuza mihuri ya mawe iliyochongwa jina la mtoto kwa Kichina. Waliuza vile viatu vya watoto vinavyolia pwi-pwi kila hatua, hivi hivi tunavyovijua Kariakoo. Hotelini familia ilipewa mwanasesere wa Barbie aliyepakata mtoto wa Kichina, aliyetengenezwa na Mattel kwa ajili ya wageni hao. Wageni wenyewe waliibatiza hoteli jina la korongo mweupe, maana katika hekaya za Ulaya korongo ndiye huleta watoto.

Baada ya hapo wakaenda ubalozini kula kiapo, na hapo nina kosa la pili la kukiri. Wazazi walisimama chumba kimoja, familia kwa makumi, wakainua mkono wa kulia, wakaapa, wengine wakalia. Niliamini kwamba dakika hiyo ndiyo mtoto aligeuka Mmarekani. Sivyo. Waliapa tu kwamba waliyoyaandika kwenye maombi ya viza ni ya kweli.

Uraia wenyewe ni kama goli. Haihesabiwi pale mchezaji anapopiga shuti, hata uwanja mzima ukishangilia; inahesabiwa mpira ukivuka mstari wote. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto wa kuasili aliye chini ya miaka 18, ambaye uasili wake umekamilika, huwa raia papo hapo anapoingia Marekani kuishi na mzazi wake raia. Kabla ya sheria hiyo ilibidi wazazi waombe kando, na kuna waliosahau. Hata baada yake, kama uasili ulihesabiwa haujakamilika, kwa mfano mzazi mmoja hakuwahi kumwona mtoto kabla ya saini, kulikuwa na hatua nyingine ya kufanya nyumbani.

Kwa hiyo ndani ya ndege, juu ya Pasifiki, abiria mdogo wa kiti cha katikati alikuwa bado Mchina. Mzazi alibeba mkononi bahasha kubwa ya kaki iliyofungwa ubalozini, aliyokatazwa katakata kuifungua. Mstari wa goli ulikuwa dirisha la uhamiaji la uwanja wa kwanza walikotua, iwe Chicago au Los Angeles, hata kama kwao ni mbali zaidi. Ofisa anachana bahasha, anapekua, anagonga muhuri kwenye pasipoti nyekundu ya Kichina. Mtoto mwenyewe, baada ya saa kumi na kitu za kulia, kwa kawaida yuko usingizini.