Picha upande mmoja, maneno katikati yake

Ombi hili hunifikia kwa sura nyingi, ila ni lilelile: nembo au picha ya mtu ikae kushoto, maneno machache yawe kulia, na maneno hayo yawe usawa wa katikati ya picha, si juu wala chini. Wengi hulitatua kwa kubonyeza kitufe cha mstari mpya mpaka jicho liridhike. Siku fonti ikibadilishwa, kila kitu kinahama.

Ukiingiza picha kwenye Microsoft Word bila kugusa mpangilio, kwa kawaida programu huihesabu kama herufi. Ni herufi kubwa kupita kiasi, lakini inasimama kwenye mstari uleule zinaposimama herufi kama a na m, na mstari mzima hutanuka kwenda juu ili kuipa nafasi. Ndiyo sababu maneno yaliyo kando yake huangukia usawa wa ukingo wa chini wa picha, na ni mstari mmoja tu unaokaa hapo. Unaofuata unashuka chini ya picha. Ndiyo sababu pia, aya ikiwa imewekewa kimo kamili cha mstari, yaani kisichotanuka, tuseme pointi 12, picha huonekana kama utepe mwembamba. Haijaharibika, imekosa nafasi tu.

Basi mtu huamua kuiacha picha ielee, maandishi yaizunguke. Mistari mingi sasa inapita kando yake, lakini yote huanzia juu, na hutaona amri ya kuiteremsha hadi katikati. Aya haijui picha ina urefu gani. Ili kitu kiwekwe katikati kwa wima, lazima kiwe ndani ya kitu kingine chenye kimo. Lile chaguo la katikati kwa wima lililo kwenye mipangilio ya ukurasa hupima ukurasa wenyewe. Linafaa majalada, hapa halisaidii.

Kitu chenye kimo ni seli ya jedwali. Tengeneza jedwali la safu mlalo moja na seli mbili. Picha iingie kushoto, na iache ibaki kama herufi, isielee. Ikielea, seli inaweza isitanuke kuifuata. Maneno yaingie kulia. Weka kishale kwenye seli ya maneno, fungua mipangilio ya jedwali, na kati ya vile vialama tisa vya ulinganifu chagua cha kushoto kwenye safu mlalo ya kati. Kisha ondoa mipaka. Kwenye Google Docs na LibreOffice Writer njia ni hiyohiyo, menyu tu ndizo zinazotofautiana.

Hapo wengi huniambia, "Mbona bado maneno yako juu kidogo?" Karibu kila mara mkosaji ni nafasi baada ya aya. Matoleo ya karibuni ya Word huweka pointi 8 chini ya aya za kawaida bila kuulizwa, na zikiwemo ndani ya seli, huhesabiwa kama sehemu ya maandishi. Fanya nafasi ya kabla na ya baada kuwa sifuri, katika seli zote mbili. Angalia pia aya tupu iliyosahaulika mwishoni mwa seli. Zikiwa sawa, itazame picha yenyewe: faili nyingi za nembo zina weupe mwingi upande mmoja, na programu huupima weupe huo kama picha. Ukate kwanza.

Kimo cha safu mlalo kiwe cha "angalau", kisiwe kamili, la sivyo picha itakatwa. Zima pia ule ukubwa wa safu wima unaojirekebisha wenyewe, maana picha kubwa huisukuma seli ya jirani. Picha ikiwa imeingia ndani kidogo kuliko aya nyingine za ukurasa, sababu ni pambizo ya seli, ambayo katika Word kwa kawaida ni sentimita 0.19 kushoto na kulia. Ifanye sifuri kushoto.

Kwa kialama kidogo kando ya mstari mmoja, jedwali ni mzigo. Katika Writer, ifanye picha ikae kama herufi kisha uilinganishe katikati ya mstari. Katika Word unaweza kuyainua maneno kwa pointi kwenye mipangilio ya fonti: picha ya sentimita 2 ina takriban pointi 57, nusu yake ni 28 na kitu, toa nusu ya kimo cha herufi, utabaki na kama 24 kwa fonti ya 12. Mimi siipendi njia hii, kwani ukibadilisha ukubwa wa picha hesabu inaanza upya.

Zikiwa picha nyingi, tuseme orodha ya watu na vyeo vyao, usitengeneze jedwali kwa kila mtu. Liwe moja, kila mtu na safu mlalo yake, na uzuie safu mlalo kugawanyika kati ya kurasa mbili. Seli za kulia zote unaweza kuzichagua kwa pamoja na kuziweka katikati kwa mbofyo mmoja.