Midoli ya Four Horsemen: Tunayodhani na Yaliyo Kweli

Wakusanyaji wa midoli ya mashujaa tupo wengi Mombasa, kuanzia Tudor hadi Nyali, na tukikutana hatukosi kuitaja kampuni moja ndogo ya New Jersey, Marekani: Four Horsemen Studios. Inasemwa mengi kuihusu, na baadhi ya hayo yanawanyima haki watu waliofanya kazi nzuri mno.

"Kampuni kubwa hubuni, ndogo huiga."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1999 wachongaji wanne, Eric Treadaway, Jim Preziosi, Eric Mayse na Chris Dahlberg, waliacha kazi McFarlane Toys wakaanzisha studio yao. McFarlane yenyewe ilizaliwa mwaka 1994, pale mchora katuni Todd McFarlane alipoamua kumtengenezea midoli shujaa wake Spawn bila kumpa mtu mwingine kazi hiyo. Kwa hiyo hawa wanne walikulia penye watu waliozoea kujitegemea.

Mattel, kampuni kubwa ya midoli ya Marekani, ilipofufua mfululizo wake wa Masters of the Universe mwaka 2002, shujaa He-Man na adui yake Skeletor wapya walichongwa na hao wanne. Mwaka 2008 ilipoanza Masters of the Universe Classics, wakaitwa tena, na DC Universe Classics, midoli ya Mattel ya mashujaa wa katuni za DC kama Batman, pia ni kazi yao. Mtoto anayechomoa He-Man wa miaka hiyo kwenye robota la mitumba pale Kongowea huenda ameshika kazi ya mikono yao, ingawa chapa iliyopigwa ni ya Mattel.

"Ukiwa na kipaji, mdoli wako unauzika kesho."

Kipaji walikuwa nacho tangu siku ya kwanza. Lakini mfululizo wao mkubwa, Mythic Legions, ulifika Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, mwaka 2015, miaka 16 baada ya kuanzisha studio. Kabla ya hapo walishajaribu midoli yao wenyewe kwa kiwango kidogo, hata wakawaachia mashabiki wapige kura kuchagua wa kutengenezwa, lakini riziki ilitoka kwa kuchongea wengine.

Kizuizi ni kalibu, yaani chombo kinachoipa plastiki umbo. Plastiki huyeyushwa ikashindiliwa ndani ya kalibu ya chuma, na mdoli mmoja wenye viungo vingi unahitaji vipande vingi. Maelfu ya dola yanakwenda kabla hata mkono mmoja haujatoka. Dawa yao ilikuwa kuchonga vipande vinavyoingiliana: kichwa, mikono, deraya, mabuti. Badilisha kichwa na rangi, na kalibu zilezile zinakupa askari mwingine kabisa. Mattel ilijua hilo tangu 1982, ndiyo maana He-Man na Skeletor wa kwanza walikuwa na kiwiliwili kimoja. Four Horsemen walifika mbali zaidi, kwa sababu mwenye mdoli naye anaweza kuchomoa vipande kwa mkono na kujitungia shujaa wake.

"Umelipa, mwaka umepita, hujaona kitu: umetapeliwa."

Woga huu nauelewa. Hapa mjini wapo waliotoa arbuni kwa watu na wasiwaone tena. Lakini kampuni ya namna hii hukusanya maagizo na pesa kwanza, ndipo kiwanda kianze kazi. Baada ya hapo kuna kukagua sampuli, kupaka rangi na kusafirisha kwa meli. Kungoja zaidi ya mwaka ni jambo la kawaida.

"Bei ile ni ulafi."

Gharama ya kalibu haipungui kwa sababu wewe ni mdogo. Mkubwa anaigawanya kwa midoli mingi sana, mdogo kwa michache. Sisi huku tunaongeza nauli, ushuru wa forodha na VAT ya 16%.

"Ni vitu vya watoto."

Vile vinavyouzwa Makadara siku za Idi, ndiyo. Mythic Legions imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaoweka rafuni.

"Pwani hatuna wa kuifanya kazi hii."

Nenda Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft, ulioanza mwaka 1963. Utaona mikono inayojua uzito wa mwili, mkunjo wa goti, jicho la mnyama. Watu hao wanachonga na ushirika ni wao, na hilo si jambo dogo. Kinachokosekana ni kuhama kutoka kipande kimoja cha mti hadi nakala nyingi, na kwa hilo si lazima uanze na chuma. Watengenezaji wengi wadogo huanza na kalibu ya silikoni wanayoimimina wenyewe mezani juu ya mchongo wa asili, kisha wanajaza resini, utomvu wa viwandani unaoganda ukawa mgumu. Kalibu hiyo hutoa nakala kadhaa kabla haijachakaa. Zinatosha kuuzia wakusanyaji wa hapa, na kujua kama wanataka zaidi kabla ya kwenda kukopa.