Maandishi ya Kichina Yaliyo Nyuma ya Waigizaji

Ninapotafsiri tamthilia za Kichina kwa Kiswahili, maandishi ambayo hakuna mwigizaji anayeyatamka hunichukulia muda mwingi kuliko mazungumzo yenyewe, na ninaamini yanaustahili muda huo.

Chukua ubao wenye herufi nne unaotundikwa juu ya kiti cha enzi katika tamthilia za zama za Qing, nasaba ya mwisho ya kifalme ya China: 正大光明. Katika ubao wenyewe herufi hizo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo anayeanzia kushoto hupata maneno yaliyopinduka. Maana yake ni uadilifu usio na la kuficha, nami huandika "Haki Peupe" nafasi ya chini ya skrini inapokuwa finyu. Ubao halisi uko katika jumba la Qianqing, ndani ya kasri la Beijing, na mwaka 1723 mfalme Yongzheng aliweka utaratibu wa kulifungia jina la mrithi ndani ya kisanduku na kukificha nyuma ya ubao huo, ili wana wa mfalme wasigombanie kiti baba yao angali hai. Kamera ikipanda taratibu hadi kwenye ubao huo huku mfalme yu mahututi, mtazamaji wa Kichina ameshaelewa kuwa habari ni ya urithi. Wetu, asipotafsiriwa, anaona pambo tu.

Karatasi nyekundu zenye maandishi, zinazobandikwa pande mbili za mlango, ni beti mbili zinazokwenda pamoja, na ule wa kulia kwa anayeutazama mlango ndio wa kwanza. Kamera ikizionyesha mojamoja, mimi husikiliza toni, yaani mpando wa sauti, ya silabi ya mwisho ili kujua upi ni wa kwanza: kwa kanuni, ubeti wa pili humalizikia kwenye toni tulivu. Herufi za kwenye taa ni rahisi zaidi, kwani 囍 ni harusi na 奠 ni msiba.

Huwa naangalia pia umbo la herufi. Farasi wa zamani, 馬, ana nukta nne chini, ilhali 马 ana mstari mmoja, umbo lililorasimishwa katika mageuzi ya maandishi yaliyoanza 1956, hivyo likichapwa kwenye bango la nyumba ya wageni ya karne ya 18 ni kosa la waliopamba mandhari, na mtafsiri hana haja ya kulitafutia maana. Hata hivyo tusikimbilie kulaumu: 云, yaani wingu, huonekana ya kisasa, kumbe ni umbo la kale kuliko 雲.