Sindano ya takoni: si popote penye nyama

Wengi huamini tako ni salama kwa sababu lina nyama nyingi. Hata wanaojua kanuni ya "robo ya juu ya nje" (gawa tako mara nne, choma robo ya juu upande wa nje) hukosea: huligawa lile duara la nyama linaloonekana suruali ikishushwa kidogo. Eneo lenyewe huanzia ukingo wa mfupa wa nyonga, juu kabisa, hadi mkunjo wa chini ya tako. Ukigawa duara tu, robo yako inashuka na kusogea ndani, karibu na neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka mguuni. Ikidungwa, mgonjwa husikia maumivu kama shoti hadi mguuni, na anaweza kushindwa kuinua wayo.

Kwa mtu mzima, ubavu wa nyonga ni bora. Nyonga ya kushoto hupimwa kwa mkono wa kulia. Weka kiganja juu ya nundu ya mfupa wa paja, ile inayogusika ubavuni, kidole gumba kikielekea kinena. Kidole cha shahada kiguse ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga. Cha kati kitanuliwe nyuma kufuata ukingo wake. Choma katikati ya V ya vidole hivyo viwili, nyuzi 90, baada ya kuondoa vidole (ndiyo, watu hujichoma). Nundu haipatikani? Mwambie azungushe mguu ndani na nje.

Mtoto mchanga achomwe pajani, mbele kwa nje, theluthi ya kati.