"Nikimzimia Sauti, Si Nitakuwa Nimekosa Upendo?"

Jumamosi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa sauti ya tatu alinisubiri nje karibu na bomba. Shikamoo, marahaba, kisha akanipa simu yake bila kusema neno. Kwenye skrini kulikuwa na lobi (ukumbi wa kusubiria mechi) ya PUBG Mobile, gemu la simu la kupigana risasi kwa vikosi, na meseji kutoka kwa mtu wa kikosi chake mwenyewe: tusi la mama, kwa Kiingereza cha kubahatisha, na chini yake neno tumbili limeandikwa mara sita. Nikamuuliza, "Huyu umeanza kucheza naye lini?" Akasema, "Tangu mwezi wa tatu, mwalimu." Na mbona hujamzimia sauti mpaka leo, ubonyeze kitufe usimsikie tena? Akanipa jibu ambalo mwaka huu nimeshalisikia kwa vijana watatu kabla yake: "Si tumeambiwa tugeuze shavu la pili?"

Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja pale bombani. Naliandika hapa, pamoja na mengine machache yanayofuatana nalo.

Dhana: Mkristo akitukanwa kwenye gemu avumilie tu. Kumzimia mtu sauti au kumripoti kwa wenye gemu ni kukosa upendo.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inavaa nguo za Maandiko.

Tusome basi kilichoandikwa. Mathayo 5:39 haitaji shavu lolote tu, inataja shavu la kuume. Simama uso kwa uso na mwenzako, ujifanye unampiga kofi kwa mkono wa kulia. Kiganja kinatua kwenye shavu lake la kushoto. Ukitaka kulifikia la kuume kwa mkono huohuo, itabidi utumie mgongo wa mkono. Wayahudi waliijua tofauti hiyo hadi kwenye fidia. Mishna, mkusanyo wa sheria zao uliokamilishwa yapata mwaka 200, unamtoza aliyepiga kofi la kiganja zuzi 200 (zuzi ni sarafu ya fedha ya wakati huo), na aliyepiga kwa mgongo wa mkono zuzi 400. Kofi hilo la pili pengine halina hata nguvu ya la kwanza. Bei yake imepanda kwa sababu ni la kudhalilisha.

Kwa hiyo Yesu alikuwa anazungumzia jambo letu hasa, tusi, na alichokataza ni kulipiza. Mstari wa 38 unaanza na jicho kwa jicho, wengi wanauruka. Ukiuleta kwenye gemu: usimrudishie tusi, usimpige risasi mtu wa kikosi chako, usimwache ameangushwa anatambaa kwenye nyasi akiomba afufuliwe huku wewe umesimama pembeni unamtazama. Haya yote nimeyaona yakifanywa na watu waliotoka kuimba haleluya saa moja iliyopita.

Lakini ni mstari gani unaokuamuru umkodishe mtu sikio lako kila siku, saa tatu usiku hadi saa sita, kwa bando lako mwenyewe?

Yesu mwenyewe, mwenye kauli hiyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakurudisha kofi, na wala hakunyamaza. Alimwuliza aliyempiga: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe, na kama nimesema vema, unanipigia nini? Iko Yohana 18:23. Paulo naye alichapwa Filipi hadharani bila hukumu, akalazwa gerezani. Asubuhi wakuu wa mji wakataka kumtoa kimyakimya, akagoma: waje wenyewe watutoe, Matendo 16:37. Na kwenye 2 Timotheo 4:14-15 anamtaja Iskanda mfua shaba kwa jina na kwa kazi yake, anaeleza kwamba alimtendea ubaya mwingi, anamwachia Bwana malipo, halafu anamwambia Timotheo ajihadhari naye. Ripoti na kujitenga, vyote ndani ya mistari miwili, na hakuna aliyewahi kuniambia Paulo alikosa upendo.

Yule kijana wangu alidhani anavumilia. Mama yake aliniambia mengine: tangu mwezi wa nne amekuwa akimchapa makofi mdogo wake kwa vitu vidogo, chaja, rimoti, ndoo iliyosahaulika uani. Shavu lililogeuzwa lilikuwa la mtoto wa miaka tisa.

Ninachowaambia wote ni hiki. Mwambie mara moja, kwa maneno machache: "Kaka, lugha hiyo hapana." Mara moja tu. Siyo onyo la kwanza, la pili na la mwisho kama mjumbe wa nyumba kumi. Akiendelea, mzimie sauti na maandishi kabla raundi inayofuata haijaanza, kisha malizia mechi. Hapo kwenye kumalizia wengi wananikatalia, lakini sibadilishi. Ukitoka katikati umewaadhibu wawili ambao hawakufungua mdomo, na gemu lenyewe litakukata pointi za mwenendo.

Mechi ikiisha, ripoti. Na kwenye kuripoti uwe mkweli. Kama alitukana kwa sauti, chagua sauti. Kama alitukana rangi yako, chagua hilo. Nimemkuta binti mmoja amembandikia mtu kosa la kutumia programu za wizi, eti ndilo linalofungia akaunti haraka. Huo ni ushuhuda wa uongo, Kutoka 20:16, hata kama unayemshuhudia ni mtovu wa adabu.

Likitoka kwenye gemu likakufuata WhatsApp, mtu akaanza kutaja mtaa wenu au kutishia kusambaza picha, hapo tena si suala la kumzimia sauti. Piga picha ya skrini, usifute kitu, mwambie mzazi, nendeni polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015, Kenya ina ya kwake tangu 2018, na zote mbili zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni.

Dhana: Ule ni utani tu.

Sisi ndio watu wa mwisho kuambiwa habari za utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana mpaka mgeni anatafuta pa kukimbilia, na hakuna anayekwenda nyumbani na donge. Lakini mtani wako anakujua, nawe una haki ya kumrudishia sawasawa, na siku ukifiwa yeye ndiye anayekuja kukusumbua msibani, na huyohuyo ndiye anayechota maji na kushika jembe la kaburi. Mtu uliyeunganishwa naye na seva dakika mbili zilizopita, asiyejua hata unaishi nchi gani ila ameisikia lafudhi yako akaanza habari za nyani, huyo amekuwa mtani wako lini? Ninyi wenyewe wa Simba na Yanga, taniana mpaka asubuhi. Ila ukiona mwenzako amenyamaza ghafla, utani umeshakwisha, hata kama wewe bado unacheka.

Dhana: Anayetukana siyo mimi, ni jina langu la gemu.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler aliandika kuhusu tabia hii ya watu kulegeza breki wakiwa mtandaoni: hawaonekani, hawajulikani, na wanajiambia kwamba ule ni ulimwengu mwingine. Alikuwa anaeleza inavyotokea, hakuwa anatoa ruhusa. Mathayo 12:36 inasema kila neno, na sijaona palipotengwa majina ya bandia. Ushauri wangu ambao vijana wanaucheka: weka jina ambalo bibi yako akilisoma hutahitaji kumtafsiria.

Nami nisijifanye malaika. Kuna mtu aliwahi kupindua gari letu kwenye daraja tukiwa tumebaki vikosi vitatu, nikamwandikia neno ambalo hapa silirudii. Nilimtafuta kwenye orodha ya mechi zilizopita nikamwomba radhi. Hakujibu. Paulo pia alimwita kuhani mkuu ukuta uliopakwa chokaa, na alipoambiwa ni nani akarudi nyuma pale pale, Matendo 23. Mkiteleza, fanyeni haraka kama yeye.

Dhana: Kuripoti ni kazi bure.

Wakati mwingine hutasikia matokeo, ni kweli. Lakini mitambo ipo. Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft, ilianzisha mwezi wa nane mwaka 2023 mfumo wa pointi za makosa: ukifikisha nane unafungiwa mawasiliano na wachezaji wengine kwa mwaka mzima. Kwenye PlayStation 5, mashine ya gemu ya Sony, unaweza kuambatanisha kipande kifupi cha sauti ya mazungumzo yenyewe. Anayelalamika kwamba hakuna kinachofanyika, namuuliza ameripoti mara ngapi. Kwa kawaida ni sifuri.

Dhana: Tusi lijibiwe kwa mstari wa Biblia.

Hapana. "Bwana akukemee" ikipigwa kwa ukali kwenye maiki ni tusi lililobatizwa. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu, na 26:5 inasema mjibu. Ukiwa umetoka kuangushwa na moyo unadunda, chukua ule wa 4.

Dhana: Dawa ni kufuta gemu.

Hii ni ya wazazi. Yapo magemu ya kufuta, na ipo mikono ambayo simu ingetakiwa itoke kabisa. Lakini mtoto atakutana na mdomo mchafu kwenye daladala, bwenini na kwenye grupu la darasa, na huko kote hakuna kitufe cha kuzima.

Yule mama wa kijana wa kwaya alikuja na simu ameifunga kwenye khanga, anataka niiombee kisha aivunje. Nikamwomba jambo moja kwanza: akae na mwanawe mechi moja, kila mmoja na upande wake wa hedifoni. Alikaa nne. Jumatano akanipigia, nikadhani ananijulisha ameshaivunja.

"Mwalimu, yule mwenye sauti nyembamba tumemtoa. Lakini kuna mwingine anajiita Simba wa Yuda, huyo ndiye anatukana kuliko wote. Na huyo naye tunafanyaje?"